Tangi la Samaki Lililokaa Stoo



Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho kwenye baadhi ya nyumba za mwambao wetu huu wa Ziwa Tanganyika, Burundi, iwe Minago, Magara, Rumonge au Nyanza-Lac, kipo, ila mwenyewe amekisahau. Nasema tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo, lile linaloitwa akwaria. Lilitolewa maji siku nyingi, likabebwa stoo, likageuka kabati la viatu. Mwenye nalo anajijua. Kuna aliyeachiwa na mpangaji aliyehama. Kuna aliyelinunua kwenye hoteli iliyofunga. Na kuna aliyelihamisha mbio mbio ziwa lilipopanda, mwaka 2021 na tena 2024, maji yakaingia mpaka vyumbani kwa watu. Sasa mtu ametulia mahali, watoto wamekua, wanamwuliza: baba, hili tangi si tulirudishe?

Mlirudishe, kwa nini msilirudishe? Lakini nawaomba kabla hamjashika ndoo mnisikilize. Nina jambo moja nitakaloanza nalo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Kusafisha tangi la zamani hakupimwi kwa mng'ao wa kioo. Kazi ni mbili tu: lisivuje, na lisiue. Narudia: lisivuje, na lisiue. Mng'ao utakuja wenyewe, na usipokuja, samaki hawatalalamika.

Najua kuna msikilizaji hapo anayecheka. Anasema, huyu naye! Sisi tuna ziwa zima mlangoni, kina chake karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi, halafu tufuge samaki kwenye sanduku la kioo? La nini?

Nitakujibu. Mtoto wa Minago anamjua mukeke, anamjua ndagala, anamjua sangala. Anawajua kwa ulimi, maana wanafika sahanini. Lakini vile visamaki vidogo vya kwenye mawe, vya mistari na madoa, vinavyochezacheza mita mbili tatu chini ya mtumbwi, nani huvitazama? Havina nyama, basi havina jina. Na hivyo ndivyo vilivyolipa ziwa letu sifa huko nje. Tanganyika ina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya sikilidi, jamii moja na perege, na karibu wote hao huwapati mahali pengine popote duniani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja Burundi Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, akitokea Kongo ambako alikuwa akivua samaki wa mapambo. Akaanzisha kampuni yake, Fishes of Burundi, ya kuvua samaki hai wa mapambo na kuwapeleka Ulaya na Marekani kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Akaandika vitabu viwili vikubwa juu ya samaki wa ziwa hili, kimoja kikatoka 1978 na kingine 1989, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Mwanasayansi wa Kibelgiji Max Poll alimpa heshima mwaka 1974: samaki mmoja mdogo, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, mapezi marefu yenye ncha nyeupe, akapewa jina la kisayansi la brichardi. Huyo samaki madukani kwa wenzetu huuzwa kama Binti Mfalme wa Burundi. Hebu nenda kwenye duka la samaki Ujerumani uulize. Wanamjua. Ukiuliza Burundi iko wapi, pengine wasijue, lakini binti mfalme wake wanamjua.

Na ana tabia ya ajabu, huyo. Wakubwa kati ya watoto hawaondoki nyumbani haraka. Hubaki kwa wazazi, hulinda mayai ya wadogo zao, husafisha, hufukuza adui. Mwaka 1981 Michael Taborsky na mwenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hilo, na wataalamu wa tabia za wanyama wanalisoma mpaka leo. Sasa ukiwa na tangi, unaweza kuyaona hayo ukiwa umekaa kwenye kiti chako, chai mkononi. Ndiyo sababu nasema tangi lirudishwe. Tena lirudishwe kwa samaki wa hapa. Yule samaki mwekundu wa dhahabu wa kununuliwa mjini mwacheni huko huko, na sababu nitaitaja mbele.

Haya, twende kwenye kazi.

Swali la kwanza kabisa, kabla ya maji, kabla ya sponji: hilo tangi lilikaa na nini? Usiniambie lilikaa na vumbi. Vumbi naliona. Utando wa buibui, kinyesi cha mende na mjusi, hivyo vinaonekana na vinasafishika. Hata kama kuku alitagia humo, na yapo matangi waliyotagia kuku, na kuku huwa mkali sana kuondolewa, hilo nalo linasafishika. Ninachokuuliza ni kile kisichoonekana. Je, uliwekea humo maharage ya mbegu yaliyopakwa ile dawa ya unga ya kuzuia wadudu? Je, chumba hicho kilikuwa kinapuliziwa dawa ya mbu kila jioni, na tangi liko wazi? Je, lilikaa jirani na dumu la mazutu au injini ya boti inayodondosha mafuta?

Kwa nini nauliza hivyo? Kioo chenyewe hakinywi kitu. Lakini pembe za tangi zimeunganishwa kwa silikoni, ile gundi laini kama mpira, na silikoni hunywa. Dawa ya wadudu ikiingia humo hutoka kidogo kidogo ndani ya maji, wiki hata wiki. Unaweza kukisugua kioo mpaka ujione sura yako, na bado samaki wakafa.

Msimamo wangu ni huu, na sitaulainisha. Tangi lililohifadhi maharage yenye dawa usiliwekee samaki mpaka uwe umeitoa silikoni yote na kuweka mpya. Kama huwezi, lifanye kabati la vikombe, halina aibu. Na kama una shaka tu, hujui lilipuliziwa au halikupuliziwa, basi lisafishe kama nitakavyoeleza, lijaze maji, halafu tafuta kamba wadogo wa ziwani, wale wanaojificha kati ya mawe na majani. Watie wachache humo, siku nne, tano. Kamba na wadudu ni ndugu wa mbali, na dawa inayoua mdudu humwua kamba mapema kuliko samaki. Wakiishi na kula, endelea. Wakianza kujipindua na kulala chali, umeshapata jibu.

Na tangi lililofikiwa na maji ya mafuriko je? Maji yale yalipita vyooni, yalipita magereji, sote tunajua. Hilo usiliguse kwa mikono mitupu mpaka limepita kwenye javeli, nami nitafika kwenye javeli sasa hivi.

Umeshajua lilikaa na nini. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Halafu, na hapa wengi wanakosea mpangilio, usianze kusugua. Anza kupima kama linavuja. Utasugua siku nzima, kucha zikuishe, jioni ugundue kona inavuja? Lisivuje kwanza.

Libebeni watu wawili, mkono uwe chini, kwenye kitako. Msilishike kwa ukingo wa juu, maana ukingo ule haukuwekwa uwe mpini. Na msilibebe likiwa na maji wala mawe, hata kidogo. Hesabu ni nyepesi: lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la urefu wa mita moja, upana sentimita 40 na kimo sentimita 50 linabeba lita 200. Yaani kilo 200, sawa na mifuko minne ya saruji, bado hujaweka mchanga wala mawe. Kwa hiyo hata meza ya kuliwekea uifikirie mapema. Meza ya kulia chakula siiamini.

Lipelekeni uani, kivulini, juu ya ubao ulionyooka, na chini yake mtandike blanketi kuukuu au boksi lililokunjuliwa. Likikaa juu ya kijiwe kimoja tu, kioo cha chini hupasuka. Tandazeni magazeti makavu kuzunguka kitako chake. Jazeni robo, subirini kidogo, tazameni. Jazeni nusu, tazameni. Halafu lijae. Sasa liacheni mchana na usiku, na mkiweza siku mbili. Kwa nini siku mbili? Kwa sababu silikoni iliyokauka miaka mingi inaweza kushika saa za mwanzo halafu ikaachia polepole. Asubuhi shikeni magazeti. Makavu? Alhamdulillahi. Yameloa kwenye kona moja? Wekeni alama hapo, mwageni maji.

Kuziba nako kuna kanuni yake. Watu hununua silikoni wakapaka mpya juu ya ya zamani. Haitashika. Silikoni mpya haiumani na silikoni kuukuu, utapaka leo na kesho itabanduka kama ngozi. Chukua wembe, kata ule ukanda wote wa ndani unaozunguka kona, ukwangue mpaka kioo kiwe kitupu, pangusa kwa spiriti, kausha, ndipo upake. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi omba silikoni ya kawaida ya vioo, inayonuka siki wakati wa kukauka. Ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu usiichukue, hiyo dawa inaua samaki. Soma mgongoni pa chupa, na kama hujui Kifaransa mpe mtoto akusomee. Ukishapaka, subiri wiki nzima, mpaka harufu ya siki imalizike kabisa. Halafu urudie kupima kwa maji.

Halivuji? Vizuri. Sasa tusugue.

Utaona kwenye kioo mistari myeupe, hasa pale maji yalipokuwa yakifika. Hiyo ni chokaa. Maji ya Tanganyika yamejaa chumvichumvi za namna hiyo, yakikauka yanaiacha kwenye kioo. Sabuni haiiwezi. Kinachoiweza ni uchachu: siki, au ndimu. Loweka kitambaa kwenye siki, kibandike juu ya mstari, uende zako ukale, urudi baada ya saa moja. Halafu kwangua kwa wembe ulioulaza, usiusimamishe, na usiuguse ukanda wa silikoni. Palipobaki sugua kwa chumvi ya jikoni na kitambaa laini. Steeluwaya ya kusugulia sufuria weka mbali. Itakuachia mikwaruzo ambayo hakuna dawa ya kuifuta.

Sasa sabuni. Nasema, na nitarudia: sabuni hapana. Ya unga hapana, ya kipande hapana, ya maji ya kuoshea vyombo hapana. Mtu ataniambia, nitasuuza vizuri. Sabuni huganda kwenye silikoni na kwenye sponji, na kiasi kidogo tu kinamvua samaki ule ute wa mwilini unaomkinga, na kuharibu mashavu anayopumulia. Sahani yako inavumilia sabuni iliyobaki. Samaki anaishi ndani ya sahani hiyo. Hapana.

Basi vijidudu tutaviua kwa nini? Kwa javeli, ile wenzetu wa Tanzania na Kenya wanayoiita jiki. Kikombe kimoja cha javeli kwa vikombe ishirini vya maji. Ile ya kawaida, isiyo na manukato wala povu. Pangusia ndani yote, acha robo saa, halafu suuza, suuza tena, suuza mpaka pua yako isisikie kitu. Kisha liache wazi juani siku mbili. Jua na hewa humaliza kazi iliyobaki.

Hapa nisikilizeni vizuri, hasa mnaowatuma watoto. Javeli na siki havikutani. Havikutani ndooni, havikutani kwenye kitambaa, havikutani kwenye tangi. Vikikutana hutoa hewa ya klorini, na hewa hiyo inachoma mapafu. Kwa hiyo siki kwanza, usuuze mpaka imekwisha, halafu kesho yake javeli, na iwe nje, mahali penye upepo. Nimeeleweka? Siki leo, javeli kesho.

Vifaa sitavikalia sana. Chujio lililofungwa likiwa na maji ndani, ukilifungua litanuka yai viza. Hiyo sponji tupa. Mkaa wa kwenye chujio nao ulishachoka, tupa. Pampu iliyogoma mara nyingi imeshikwa na chokaa tu: ilaze kwenye siki, izungushe kwa kidole, itazunguka. Waya zilizotafunwa na panya, hapo usijaribu ujanja wa selotepu. Maji na umeme ni mauti. Waya wowote unaotoka kwenye tangi uache uning'inie chini kidogo ya soketi kabla haujapanda, ili tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Na ile hita ya kupashia maji? Hapa kwetu, ambako ziwa lenyewe lina nyuzijoto 24 mpaka 28, sioni kazi yake. Muuzie mtu wa Bururi mlimani. Shida yetu ni joto kuzidi, kwa hiyo usiliweke tangi mkabala na dirisha la jua la mchana.

Nakuja sasa kwenye lile hasa lililonifanya nichague mada hii. Umelisafisha, halivuji, halina sumu, linapendeza. Kesho utie samaki?

La. Hapo ndipo samaki wengi wa Minago watakapofia, kwenye tangi safi.

Sikilizeni kwa nini. Samaki anakula, anakojoa, anapumua. Katika taka zake hutoka amonia, nayo ni sumu. Ziwani kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga, wanaila ile amonia na kuigeuza hatua kwa hatua kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Kwenye tangi lililokuwa likifanya kazi, bakteria hao walikuwepo. Walikufa kwa ukavu kule stoo, na kama kulikuwa na waliobaki, javeli yako imewamaliza. Tangi lako ni safi, na kwa sababu hiyo hiyo halina wa kuila sumu.

Sasa tatizo hilo lipo kila mahali, Nairobi, Kampala, Muscat. Ila kwetu ni kubwa zaidi. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja haina ukali sana, nyingine inaua. Kinachoamua ni ule ukali wa maji wenyewe, wanaoupima kwa kipimo cha pH. Kwenye maji ya kipimo cha 7, kama yalivyo maji ya mito mingi, ile sura inayoua haifiki hata asilimia moja. Maji ya Tanganyika yanakaribia 9. Kwenye 9, na kwa joto letu hili, zaidi ya theluthi moja ya amonia yote iko katika sura ya kuua. Mmenielewa? Mchafuko ule ule, samaki wale wale wachache. Wa Kampala anakohoa, wa Minago amekufa. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Tanganyika kwenye maji ya Tanganyika ndiye anayetakiwa asubiri kuliko wote.

Asubiri muda gani? Wiki nne mpaka sita. Najua ni nyingi. Watoto watakusumbua, jirani atakuuliza mbona umefuga maji. Mwambie ndiyo, nafuga maji.

Lakini tuna bahati moja ambayo mtu wa London hana. Yeye hununua bakteria kwenye chupa, kwa fedha nyingi, bila kujua kama wako hai. Sisi tuna ziwa. Mwombe mvuvi akuletee mawe machache kutoka mahali penye miamba, panapopigwa na mawimbi, yenye ule utelezi wa kijani. Utelezi huo ndio mbegu yako. Usiyachemshe, usiyasugue. Yatazame tu vizuri na utoe konokono wote mmoja mmoja. Usiyachukue kwenye maji yaliyotuama yenye majani, maana konokono wanaobeba kichocho hupenda huko. Makombe ya konokono unayotaka kuweka kama pambo, au kama nyumba za wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe, hayo yachemshe. Mchanga suuza mpaka maji yatoke meupe. Na mawe makubwa yakae juu ya kioo chenyewe kabla hujamwaga mchanga. Samaki wetu ni wachimbaji, watafukua chini ya jiwe mpaka liwaangukie, na likianguka linaweza kupasua kioo, kazi yote ikaisha.

Maji? Ya ziwa ndiyo yenyewe, tayari yana kila kitu. Yachoteni mbali na mahali pa kufulia na mbali na boti zinapotiwa mafuta. Yachujeni kwa kitambaa, yaacheni kwenye mapipa yenye mifuniko siku mbili. Siku mbili zina maana: vile vijidudu vya kichocho vinavyoogelea majini vikitafuta mtu haviishi zaidi ya hapo. Na kwa kuwa kipindupindu hakijatuhama mwambao huu, mikono ioshwe kila mara baada ya kazi ya tangi. Hapo sasa ndipo sabuni inapotumika, mikononi, kazi ikishakwisha. Anayetumia maji ya bomba ya Regideso naye ayaache wazi siku moja au mbili, klorini itoke.

Tangi likishajaa, pampu ikizunguka, tia chembe za chakula kila siku, kana kwamba samaki wapo. Chembe zikioza hutoa amonia kidogo, bakteria wanapata riziki, wanaongezeka. Kama una ndugu anayekuja kutoka nje, mwambie akuletee vile vitone vya kupimia amonia na nitriti, ile amonia ikiwa katikati ya kugeuzwa. Vikionyesha sifuri kwa zote mbili, wiki nzima mfululizo, tia samaki. Huna vitone? Basi maliza wiki sita, uanze na samaki wawili wadogo, uwalishe kidogo sana, na kila baada ya siku mbili ubadilishe robo ya maji.

Umeme nao, nani asiyejua hali yetu? Ukikatika, chujio husimama, na wale bakteria ndani yake hukosa hewa wakaanza kufa kwa saa chache. Kajipampu kadogo ka hewa kanakotumia betri au sola katakuokoa. Mimi ningenunua hako kabla ya kununua taa ya rangi.

Samaki wenyewe, waulizeni watu wa idara ya uvuvi utaratibu, halafu mtafute mzamiaji mwangalifu. Samaki wa mawe akipandishwa haraka kutoka kwenye kina, kibofu chake cha hewa hufura, hana njia ya kuitoa upesi. Mzamiaji anayejua kazi humpandisha kwa vituo, kidogo kidogo. Ukiona tumbo limefura na samaki anaelea upande upande, usimnunue, hata ukipewa nusu bei.

Na nilisema nitaeleza kwa nini sitaki samaki wa kigeni. Ni kwa sababu watu huchoka. Mtu akichoka na tangi, hawezi kuua samaki, ana huruma, anaenda kumwaga ziwani. Samaki, majani, maji na yote. Magugu maji yaliyoziba bandari za Ziwa Victoria miaka ya 1990 asili yake ni Amerika ya Kusini, yaliletwa Afrika kama ua zuri la bwawani. Sisi tuna samaki ambao dunia nzima haina, wasihatarishwe kwa ajili ya kitu kilichonunuliwa dukani kwa kupamba sebule.

Kwa hiyo maji ya kusuuzia javeli, maji ya kusuuzia siki, maji yoyote yaliyotoka kwenye tangi lenu, hata mkifuga wa hapa hapa, mwageni shimoni au kwenye ardhi mbali na kisima. Yasirudi ziwani.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Mwenye tangi stoo namwomba leo alitoe tu, alitazame pembe zake, akumbuke lilikaa na nini. Kesho alijaze uani, juu ya magazeti makavu. Siki na javeli zingoje. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya chakula cha samaki wa mawe, na maswali yenu tuleteeni mapema.